Watoto wa nasari wanakalishwa kitako kutwa, jamani tuwaache wacheze

Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi kwenye gazeti lako nizungumze na wazazi wenzangu na wakuu wa kaunti yetu ya Lamu, manake kuna jambo naliona kila siku mimi kama mwalimu wa nasari na silisikii likitajwa, si barazani si kwenye mikutano ya wazazi, nalo ni kwamba hawa watoto wetu wadogo wa chini ya miaka sita hawachezi. Wanakaa tu. Wanakaa skuli, wanakaa chuoni kwenye kusoma Qur'ani, wanakaa nyumbani, na sisi watu wazima tunafurahi kwa sababu mtoto aliyekaa hasumbui mtu.

Hebu ipige hesabu siku ya mtoto wa miaka minne hapa mjini. Asubuhi anapelekwa nasari, wengine wanabebwa mgongoni na wengine wa kule Wiyoni na Kashmiri sa hizi wanapandishwa pikipiki hata kama ni mwendo mfupi ambao miguu yake angeuweza, akifika anakalishwa kwenye kiti mpaka adhuhuri inakaribia. Anarudi, anakula, analala kidogo, kisha chuo, na huko pia ni kukaa kwenye mkeka na juzuu mbele yake. Akitoka chuo jua limeshapoa, na hapo ndo ilikuwa saa yake ya kutoka nje, lakini kuna homuwaki ya kujaza ukurasa mzima wa herufi, na akimaliza anapewa simu ya mamake ili watu wapate kupika kwa amani. Sasa huyu amekimbia saa ngapi? Sisemi chuo kiachwe, haki ya Mungu sisemi hivo, mimi mwenyewe nimelelewa chuoni na wanangu pia, nasema tu kila mmoja wetu ameichukua saa yake kutoka kwa mtoto na hakuna aliyejumlisha.

Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa mwongozo mwaka 2019 kuhusu watoto wa chini ya miaka mitano, na mwongozo wenyewe si mgumu kuelewa. Mtoto wa mwaka mmoja mpaka miaka minne anatakiwa apate angalau dakika 180 za kujishughulisha na mwili kila siku, yaani masaa matatu, na akishafika miaka mitatu basi ndani ya hayo matatu angalau saa moja iwe ni ile ya kutoka jasho na kuhema, mbio, kuruka, kupanda. Simu na TV kwa mtoto wa mwaka mmoja hazifai kabisa, kuanzia miaka miwili zisizidi saa moja kwa siku na zikipungua ndo bora. Na mtoto asifungwe kwenye kigari au mgongoni au kwenye kiti zaidi ya saa moja kwa mpigo.

Nikiwaambia wazazi masaa matatu wanashtuka, wanadhani nataka mtoto akimbizwe kama mwanajeshi. Siyo. Masaa matatu yanahesabiwa kidogokidogo kutwa nzima. Kupanda zile ngazi zetu za nyumba za mawe kwa miguu yake badala ya kubebwa, hiyo inahesabika. Kutumwa kopo la maji kutoka jikoni mpaka kwa bibi yake, kufagia na kifagio kidogo, kwenda dukani na nduguye mkubwa, kucheza ngoma ndani kukiwa na harusi, kumkimbiza paka uani, vyote vimo. Zamani masaa matatu yalikuwa yanapita kabla hata ya adhuhuri na hakuna mtu aliyekuwa akiyahesabu, leo ukimfuata mtoto na saa mkononi utatafuta hata moja usilione.

Na mambo haya yanaanza mtoto akiwa mchanga kabisa, hapo kina mama nisikilizeni vizuri. Mtoto ambaye hajaanza kutambaa anatakiwa alazwe kifudifudi akiwa macho, na mtu akiwa karibu naye, mara kadhaa kwa siku mpaka zifike angalau dakika 30. Akilala usingizi alale chali, hiyo ni nyingine tusichanganye. Lile la kifudifudi ndilo linalompa nguvu ya shingo na mabega na mgongo, na ndo maana akilazwa analalamika, anafanya kazi huyo. Sisi mtoto akilia kidogo tu tunamnyanyua, anapita kutoka mkono wa huyu kwenda mkono wa yule kutwa nzima, mapenzi ni mengi alhamdulillahi lakini shingo inachelewa kupata nguvu.

Kisha kuna hivi vigari vya kutembelea, woka, ambavyo naona sasa kila anayetoka Mombasa anarudi navyo kama zawadi ya mtoto. Watu wanaamini vinamfundisha mtoto kutembea na kwa kweli havimfundishi, mtoto ndani ya woka ananing'inia anasukuma kwa ncha za vidole, hajifunzi kujisimamisha wala kuanguka na kuinuka. Canada walipiga marufuku kuviuza tangu 2004 kwa sababu ya watoto walioporomoka nazo kwenye ngazi. Sasa wewe unayekaa Mkomani na ngazi yako ni ya mawe, imesimama wima na haina hata cha kushikilia, unaweka woka juu ghorofani ya nini? Mkeka chini, mtoto juu yake, mto mbele yake wa kuuvuka, inatosha.

Kuhusu simu sitaki kuwalaumu wazazi sana manake najua zilivyoingia. Machi 2020 skuli zilifungwa kwa corona na hawa wadogo hawakurudi mpaka Januari 2021, muda wote ule watu wamefungiana ndani, mtoto akipewa katuni angalau nyumba inatulia. Corona ikapungua lakini simu haikurudi mfukoni. Wale niliokuwa nao wakati ule sasa wamekuwa wakubwa, ila wadogo zao wameikuta simu imeshakuwa yaya wa nyumba. Ninao watoto wanaoingia PP1, darasa la kwanza la nasari, wana miaka minne, kidole kimoja kinajua kupandisha na kushusha video upesi kuliko mimi, lakini ukimwambia asimame kwa mguu mmoja ahesabu mpaka tatu anamshika mwenzake. Ukichora mstari kwa chaki sakafuni umwambie atembee juu yake anatoka nje ya mstari hatua ya pili, anacheka, anajaribu tena, na wengine wanakataa kabisa kwa kuogopa kuanguka. Mtoto wa Lamu mzima hana tatizo lolote la kiafya, anaogopa kuanguka kutoka urefu wake mwenyewe.

Nije sasa kwa sisi wa nasari kwa sababu nako kuna shida na siyo ndogo. Mtaala wa sasa, huu wa umilisi (CBC) ulioanza 2019 kwa PP1 na PP2, umeweka shughuli za viungo na ubunifu kama somo lenye nafasi yake kwenye ratiba sawa na hesabu na lugha. Kipindi cha nasari ni dakika 30, kwa hiyo hata kikifundishwa vizuri hakitoshi peke yake, lakini angalau ni mwanzo. Kinachotokea ni kwamba kipindi kile ndo cha kwanza kuliwa. Mgeni akija, kinaliwa. Kukiwa na mtihani, kinaliwa. Kazi ya kuandika ikibaki, tunamalizia kwenye kipindi cha mchezo. Na kibaya kuliko vyote, mtoto akifanya makosa adhabu yake ni kubaki darasani wenzake wakitoka, na ukiangalia sana ni nani anayeadhibiwa hivo kila siku, ni yule asiyeweza kutulia, yaani yule ambaye mwili wake unamlilia atoke nje ndo tunayemnyima. Kisha alasiri tunamshtaki kwa mamake kwamba ni mtundu.

Najua walimu wenzangu watasema wazazi ndo wanataka hivo, na ni kweli wanataka. Kuna nasari moja ya kulipia hapa mjini sifa yake kubwa ni kwamba mtoto wa miaka mitatu anaandika jina lake, na wazazi wanapanga foleni. Mzazi anakuja kwangu Ijumaa anafungua daftari, akikuta kurasa chache anauliza, "Ticha, wiki nzima mmefanya nini?" Nikimjibu tuliruka kamba, tulibeba mchanga kwa ndoo, tulijifunza kurusha na kudaka, ananiangalia kama nimekula karo yake. Na juzi mama mwingine amekuja amekasirika kwa sababu yunifomu ya mwanawe imerudi na mchanga mpaka mifukoni. Dada yangu, mchanga unatoka kwa maji na sabuni. Nilimwambia hivo kwa upole na leo namwambia tena na wengine pia wasikie.

Na hata hilo la kuandika mnalolitaka sana, mkono hauanzi kwenye vidole. Mtoto anaandika kwa bega na mgongo kwanza, akiwa hana nguvu za kukaa wima anajilaza juu ya meza, anabana penseli kwa ngumi mpaka inavunjika ncha, anachoka mstari wa pili. Nguvu hiyo anaipata kwa kuning'inia, kutambaa, kusukuma, kupanda, kukamua nguo, kukanda unga na mamake. Ndo maana mimi mtoto akinishinda kuandika simwongezei ukurasa, natoka naye nje tukavute kamba, na baada ya wiki kadhaa ukiangalia ile penseli utaona tofauti.

Kuna na macho. Utafiti wa nchi mbalimbali umeonyesha kwamba mtoto anayepata muda mwingi nje kwenye mwangaza wa mchana hapati kirahisi tatizo la kutoona mbali. Na jua lenyewe ndo linaloifanya ngozi itengeneze vitamini D, mtoto akiikosa mifupa inalegea anapata matege. Mtu anaweza kusema Lamu jua liko tele, ndiyo liko tele lakini liko juu ya mapaa, ingia vichochoro vya Mji wa Kale saa nne asubuhi uone kama linafika chini, na ndani ya nyumba ndo kabisa. Mtoto anaweza kuzaliwa kwenye mji wa jua na jua lisimguse.

Watoto wa kike nao nawaonea huruma zaidi. Akifika miaka mitano tu keshaanza kuambiwa kaa vizuri, usiruke, usicheke sana, mtoto wa kike hakimbii. Kwa nini asikimbie? Mifupa yake si ndo hii hii atakayobebea mimba na kulelea watoto wake akiwa mkubwa? Mvalishe suruali ndani ya gauni yake, mwache akimbie, mtoto wa miaka mitano ni mtoto. Na mwenye ulemavu wa mguu au mkono pia atolewe nje na wenzake, asiachwe mlangoni kulinda viatu, mchezo unaweza kugeuzwa kidogo tu naye akaingia, mpira ukachezwa wote mmekaa chini kwa mfano.

Kwa sisi Waislamu hata dini haijatufundisha haya ya kumkandamiza mtoto. Mtume wetu (SAW) mjukuu wake alimpanda mgongoni akiwa kwenye sijda, akairefusha sijda ile mpaka watu wakadhani kumetokea jambo, hakutaka kumharakisha mtoto mpaka amalize haja yake. Sijda hiyo! Sisi mtoto akipanda tu mgongo wa kochi tunampigia kelele nyumba nzima.

Sasa mtu ataniuliza wachezee wapi, na hapo ana haki. Sisi hatuna nafasi. Mji huu uko kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia tangu 2001 na moja ya sifa zake ni kwamba vichochoro vilijengwa kwa ajili ya miguu ya watu na kwato za punda, haukujengwa kwa magari. Zamani hilo lilikuwa neema kwa watoto, unamtoa mtoto mlangoni unajua lipitalo ni punda na punda ana adabu zake, anapita watoto wanajibana ukutani kisha mwajificho unaendelea. Leo ukitoka nje kidogo ya Mji wa Kale ni pikipiki, zinakata kona bila honi, na mzazi gani atamwachia mtoto wa miaka mitatu hapo? Viwanja vilivyokuwa wazi kule Langoni na Gadeni vimejengwa nyumba kimoja baada ya kingine. Mkunguni pale mbele ya Ngome kuna nafasi na kivuli, lakini panajaa watu na biashara. Imebaki pwani, maji yakitoka mchanga unakuwa mgumu mzuri wa kukimbilia, ila bahari haichezewi na mtoto mdogo hawezi kuachwa bila mtu mzima anayemtazama yeye na sio simu.

Nasema haya nikijua sisi ni watu tunaopenda michezo, hilo halina ubishi. Maulidi yakija mji mzima unajaa pwani kushangilia mashindano ya kuogelea na mbio za punda, vijana wanapiga mbizi kutoka gatini watu wanapiga makofi. Hao vijana walianza wapi? Walianza wakiwa wadogo kwenye maji ya magoti, baba zao au kaka zao wamewashika tumbo. Hawa wa sasa wanaojua bahari kwa kuiona kutoka dirishani, tutawashangilia lini?

Vya kuchezea havitaki pesa, hilo nawahakikishia walimu wenzangu. Darasani kwangu tunatumia kamba ya mashua iliyochakaa, tairi kuukuu la mkokoteni, ndoo za mchanga, chupa za plastiki zilizotiwa mchanga kidogo ili mtoto azipige na mpira zianguke. Mipira tunatengeneza kwa soksi na matambara, zamani tulitumia mifuko ya nailoni lakini tangu ipigwe marufuku 2017 matambara ndo yanatosha na kwa wadogo ni bora, hayaumizi. Wakati wa kaskazi jua likiwa kali, Januari mpaka Machi hivi, tunatoka mapema kabla hata ya uji na maji ya kunywa yako karibu. Masika tunasogeza viti ukutani tunacheza ndani, mmoja anakuwa kaa anatembea kinyumenyume, mwingine chura, wengine wanapita chini ya meza. Nyumbani pia ni hivo hivo, baba akirudi baharini au kazini dakika zake kumi na tano za kujifanya farasi zinamfaa mtoto kuliko biskuti aliyomletea.

Nimalizie kwa kaunti, kwa sababu elimu ya nasari Katiba ya 2010 imeiweka mikononi mwao, hili si la Nairobi. Madarasa wamejenga na tunashukuru, lakini darasa bila uwanja ni nusu ya nasari. Naomba kila nasari mpya ichorwe na kiwanja chake na mti wa kivuli kabla mkandarasi hajaanza kuchimba. Naomba viwanja vya skuli zetu vya msingi vifunguliwe alasiri kwa watoto wadogo wanaokuja na mtu mzima, wasikute geti limefungwa kwa kufuli. Naomba pikipiki zipangiwe njia mbali na milango ya nasari asubuhi na wakati wa kutoka.

Na kuna skuli moja ya umma hapa mjini, sitaitaja jina lakini wahusika wataijua, kiwanja chake cha nasari kimewekwa kokoto na mbao za ujenzi tangu muhula uliopita, jengo lenyewe limekwisha na wajenzi wameondoka, kokoto zimebaki pale zimemwagika mpaka chini ya bembea. Watoto wanatolewa dakika chache kwenye kibaraza, wanasimama kwa mistari wanapunga mikono, wanarudi ndani. Mwalimu wao ameandika barua, wazazi wamekwenda ofisini, wameambiwa wasubiri. Mikokoteni miwili mitatu na vijana wachache wa kulipwa kibarua wanazimaliza kwa siku moja. Tafadhali zitolewe kabla muhula haujafunguliwa.

Mwalimu wa nasari,
Langoni, Lamu